Bukavu inapanda miti kwa bidii, lakini mahali pasipofaa

Kila tarehe 5 Desemba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huadhimisha Siku ya Kitaifa ya Mti. Miche hugawiwa, hotuba hutolewa, picha hupigwa. Mjini Bukavu siku hiyo huangukia ndani ya msimu wa mvua, wakati ambapo watu wa mitaa ya milimani hulala jicho moja likiwa wazi, wakisikiliza ukuta wa nyuma. Kwa hiyo ujumbe wa kupanda miti hupokelewa vizuri hapa. Mwenye parseli anaambiwa kwamba mti hushika udongo, naye anaupanda pale anapouogopa udongo zaidi: nyuma ya nyumba, mita moja au mbili kutoka kwenye msingi.

Ushauri aliopewa ni wa kweli. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia mti huo utakuwa na ukubwa gani baada ya miaka 10, mizizi yake itakwenda wapi, na nani anaishi chini yake.

Bukavu si mji wa kawaida kwa jambo hili. Umekaa kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, na karibu kila mtaa nje ya rasi zake tano umejengwa kwenye mteremko. Wabelgiji walipoupanga, wakati ukiitwa Costermansville, walijitengea upande wa Ibanda na ufuo wa ziwa, wenye viwanja vipana na bustani. Waafrika waliwekwa Kadutu na Bagira. Miti mikubwa inayosifiwa leo Nguba na Muhumba ilipandwa kwenye viwanja vile, ambako mti wa mita 20 ulikuwa na nafasi ya kuanguka bila kugusa kitu. Kisha zikaja vita za miaka ya 1990 na zilizofuata, vijiji vikakimbiwa, na mji ukajaa. Leo wakazi wake wanakadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja. Bustani zilikatwa vipande, milima ikachongwa, na mti ukabaki na tabia zake zile zile.

Mtu anayepanda kutoka Nyawera kuelekea Kadutu anaweza kuona jambo lenyewe bila kuelezwa. Ili kupata sehemu tambarare ya kuweka nyumba, fundi huchimba mlima na kuacha ukingo wa udongo uliosimama wima, mara nyingi mrefu kuliko mtu. Nyumba hukaa chini ya ukingo huo. Juu ya ukingo kuna parseli nyingine, na ukingoni kabisa mwa parseli hiyo kuna safu ya mikaratusi au mti wa avoka. Kwa mwenye nyumba ya juu, mti ule uko mwisho wa kiwanja. Kwa mwenye nyumba ya chini, uko juu ya bati lake. Mama wa chini akilalamika, hujibiwa kwa heshima zote kwamba mti ndio unaolinda ukingo usimwangukie. Akikaa kimya, mti unaendelea kukua.

Kuna sababu nyingine inayofanya mti upandwe mpakani, nayo haina uhusiano na mmomonyoko. Mahali ambapo hati za ardhi hugombaniwa na parseli moja inaweza kuuzwa kwa watu wawili, mti ni ushahidi. Aliyepanda mti ameonyesha kwamba alikuwapo. Jirani hawezi kusogeza mpaka usiku bila kuacha kisiki. Basi familia maskini hupanda mahali hasa ambapo mhandisi angewaambia wasipande, kwa sababu mhandisi anafikiria udongo na wao wanafikiria kadasta. Anayetaka wabadilike aanze kwa kukubali kwamba hofu yao ya kunyang'anywa ni ya kweli.

Mizizi yenyewe inazungumzwa vibaya, na wale wanaoiogopa pamoja na wale wanaoisifu. Wengi hufikiri mzizi mnene unashuka chini moja kwa moja kama msumari, ukiipasua misingi njiani. Kwa miti mingi haiko hivyo. Sehemu kubwa ya mizizi hukaa kwenye mita moja ya juu ya udongo, na huenda pembeni mbali kupita kivuli cha matawi. Mzizi haupasui jiwe zima lililojengwa kwa saruji nzuri, wala haunyanyui nyumba yenye uzito wake kamili. Unachoweza kunyanyua ni vitu vyepesi: ngazi, sakafu ya baraza, ukuta wa uzio, mtaro wa saruji. Na unaweza kuingia kwenye ufa uliokuwapo tayari, ukanenepa humo mwaka hata mwaka.

Jambo linaloangusha nyumba katika nchi nyingine ni unyonyaji wa maji. Udongo wa mfinyanzi wa aina fulani hunywea unapokauka na kuvimba unapolowa. Mti uliosimama karibu hunyonya maji upande mmoja wa nyumba, udongo wa upande huo unashuka, kona ya nyumba inaufuata, na ufa hutokea wenye upana mkubwa juu na mdogo chini. Tangu ukame wa 1976, kampuni za bima za Uingereza zimelipa madai mengi ya aina hiyo. Orodha ambazo wenye nyumba huko hupewa ni za kuogofya: mti wa msondo mita 40 kutoka kwenye ukuta, mwaloni mita 30. Mjini Nairobi mafundi huujua udongo mweusi wa pamba, na huuondoa wote kabla ya kumwaga msingi.

Bukavu iko tofauti kidogo, na tofauti hiyo ina maana. Mji umekaa juu ya miamba ya volkano iliyooza na kuwa udongo mwekundu, na udongo wa namna hiyo kwa kawaida haunywei na kuvimba kama ule mweusi. Mabondeni, ambako maji yalituama zamani, hali inaweza kuwa nyingine. Lakini kwenye miteremko, mtu anayenakili orodha ya mita 40 kutoka Uingereza anawatisha watu kwa jambo lisilo lao, huku akiyaacha yale yanayowahusu.

La kwanza kati ya hayo ni ukuta wa kuzuia udongo. Familia yenye uwezo hujenga ukuta wa mawe kuushika ukingo wa nyuma. Ukuta huo tayari unasukumwa na udongo, na mvua ikinyesha unasukumwa na maji pia. Mti mkubwa juu yake unaongeza uzito, lakini uzito si kitu kikubwa ukilinganisha na upepo. Upepo wa mvua unapoutikisa mkaratusi wa mita 20, shina linakuwa kama mtarimbo uliochomekwa nyuma ya mawe: huvuta, husukuma, huvuta tena. Udongo wa kwenye shina hufunguka, maji ya mvua inayofuata huingia kwenye nafasi hiyo, na mawe huanza kutokeza tumbo kuelekea nje. Mtu akiona ukuta wake umetokeza tumbo asingoje ufa. Tumbo la ukuta ni dalili mbaya zaidi kuliko ufa mwembamba kwenye lipu.

La pili ni ukingo usio na ukuta, na ndio walio wengi. Mti uliopandwa kwenye mdomo wa ukingo una ardhi upande mmoja tu. Mizizi iliyopaswa kuushika upande wa pili iko hewani, au ilikatwa na jembe siku nyumba ya chini ilipoongezwa chumba. Mti kama huo hauushiki ukingo. Umekaa juu yake ukisubiri.

Avoka unastahili kutajwa peke yake, kwa sababu ndio unaopendwa kuliko yote na hakuna anayetaka kusikia ubaya wake. Unalisha watoto, matunda yake yanauzika, kivuli chake ni kizuri. Lakini mizizi yake ni ya juu juu, na haivumilii udongo unaojaa maji. Ukilowa muda mrefu, huoza. Sasa fikiria unapandwa wapi: nyuma ya jikoni, karibu na shimo la choo na maji ya kufulia, kwa sababu hapo hustawi haraka. Hustawi kweli kwa miaka kadhaa. Halafu majani ya juu huanza kuwa machache, matawi ya kileleni hukauka, na mwenye nyumba husema mti umezeeka. Huenda haujazeeka, umepoteza miguu. Avoka iliyokauka kileleni mahali penye unyevu haifai kungojewa hadi msimu mwingine.

Kuhusu mashimo ya choo na mabomba, mizizi hulaumiwa kwa kosa lisilo lake. Mzizi hautoboi bomba zima. Unafuata unyevu, na unyevu hutoka mahali palipovuja tayari. Ukikuta mizizi imejaa ndani ya bomba au imeingia kwenye fosi septiki, habari ya kwanza ni kwamba bomba lilikuwa linavuja, na kwa hiyo ardhi ya chini ya nyumba imekuwa ikilowa kwa miezi au miaka bila mtu kujua. Kuukata mti na kuliacha bomba ni kumwadhibu shahidi.

Na maji ndiyo habari kubwa ya Bukavu. Mtaa wa Funu, katika komuni ya Kadutu, umekaa juu ya kipande kikubwa cha mlima ambacho kimekuwa kikiteleza polepole kwa muda mrefu. Watafiti wa Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati ya Tervuren, Ubelgiji, pamoja na wenzao wa Kongo, walifuatilia mwendo wake kwa picha za angani na setilaiti zinazogusa miaka 70, na mwaka 2022 wakachapisha matokeo katika jarida la Nature Geoscience. Walionyesha kwamba sehemu ya mlima ule imeongeza kasi kadiri makazi yalivyoongezeka, na wakalihusisha jambo hilo na jinsi mji unavyobadilisha njia za maji, juu ya ardhi na chini yake.

Mizizi ya mkaratusi haifiki pale mlima wa Funu unapotelezea. Hakuna idadi ya miche inayoweza kuusimamisha. Mti unasaidia kwenye maporomoko madogo, yale ya ngozi ya mlima, na husaidia sana kichwani mwa korongo ambako maji ya barabara yanakula udongo. Lakini mtu wa Funu anayeambiwa apande mti nyuma ya nyumba ili awe salama anauziwa dawa ya ugonjwa mwingine.

Wapo watakaosoma haya na kuchukua panga kesho asubuhi. Wasubiri. Kukata kila kitu ni kosa baya kuliko la kwanza. Mizizi ya mti uliokufa huendelea kuushika udongo kwa muda, halafu huoza, na mteremko huwa dhaifu zaidi miaka michache baada ya kukata, wakati watu wamekwisha kusahau kwamba palikuwa na mti. Kung'oa kisiki ni kubaya zaidi, maana humwachia maji shimo lililo tayari. Watu wa Kivu Kusini hawahitaji kukumbushwa mlima usio na kitu unaweza kufanya nini: mnamo Mei 2023, mvua iliyonyesha Kalehe ilivifunika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi kwa matope na mawe, na waliokufa walipita 400.

Pia si kila ufa ni wa mti. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, lenye ukubwa wa 5.9, lilipasua kuta nyingi Bukavu, na baadhi ya nyufa hizo zilipakwa lipu tu zikasahauliwa. Njia ya kujua kama ufa ungali hai ni rahisi na haihitaji fundi: piga mistari miwili ya kalamu pande mbili za ufa, pima nafasi iliyo katikati, andika tarehe kwenye ukuta pale pale. Rudia kila mwezi. Ufa usiosogea kwa mwaka mzima, mvua na kiangazi, ni kovu. Unaosogea unaitaka hatua, na kama upande unaoshuka ndio upande wa mti au wa bomba, angalau kuna pa kuanzia.

Kabla ya mti, hata hivyo, atazame paa. Hesabu ni nyepesi. Paa la mita za mraba 60, kwenye mvua moja ya milimita 30, linamwaga lita 1,800 za maji. Hayo ni bidoni 90 za lita 20. Nyumba nyingi za miteremkoni hazina mifereji ya kukusanya maji ya bati, hivyo bidoni zile 90 huanguka kwenye mstari mmoja, chini kabisa ya ukuta, mvua baada ya mvua. Mizizi huyafuata maji hayo. Msingi unayanywa. Jirani wa chini anayapokea. Na katika mji huo huo, mabomba ya REGIDESO yakikauka, watoto hutumwa kushuka hadi ziwani na bidoni hizo hizo. Ni vigumu kueleza kwa nini mashirika yanayogawa miche hayagawi pia mita chache za mfereji wa bati na pipa.

Mti una kazi yake mjini Bukavu, ila si kazi ya kufanywa na kila mwenye parseli peke yake. Mahali pake ni kwenye vichwa vya makorongo, kando ya mito ya Kawa na Wesha pale ambapo pangali na nafasi, kwenye viwanja vya shule na makanisa, na kwenye miinuko iliyo wazi ya Kasha. Huko ndiko mti mrefu ungefanya kazi bila kumtisha mtu. Tatizo ni kwamba huko kunahitaji mamlaka inayozuia mtu asijenge, na hilo ni gumu kuliko kugawa miche. Mpango wa rais uliozinduliwa mwaka 2019 uliahidi miti bilioni moja kufikia 2023. Ahadi ya aina hiyo huhesabu miche, na mche uliopandwa mita moja kutoka kwenye ukuta wa mjane huhesabiwa sawa na uliopandwa mahali panapofaa.

Kwenye ukingo ulio juu ya nyumba, mimea mifupi yenye mizizi mingi inafaa zaidi. Vetiva, ambayo mizizi yake inaweza kushuka hata mita 3, haina uzito wala shina la kutikiswa na upepo. Matete, setaria na tripsakamu wakulima wa Kabare wanazijua, maana huzipanda kwenye mistari ya kuzuia mmomonyoko na kulisha ng'ombe na mbuzi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA kiko Mulungu, mwendo mfupi kutoka mjini, na Chuo Kikuu cha Kiinjili cha Afrika, pale Panzi, kina kitivo cha kilimo. Maarifa yapo. Yanasimama mashambani kwa sababu hakuna aliyeyaleta kwenye parseli ya mita 10 kwa 15. Na kwa anayehofia mpaka wake, mstari wa vetiva unaonekana vizuri kama safu ya mikaratusi, wala jirani hawezi kuufuta usiku mmoja.

Sheria nayo haijanyamaza kama inavyodhaniwa. Ufaransa ina kanuni iliyo wazi: mti utakaopita urefu wa mita 2 hukaa angalau mita 2 kutoka mpakani. Nchini Kongo, kifungu cha 260 cha amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo ingali msingi wa kesi za madai, kinamfanya mtu awajibike kwa madhara ya vitu vilivyo chini ya uangalizi wake. Wakili hahitaji ufundi mwingi kuuweka mti humo. Lakini kesi huja baada ya mti kuanguka, na jirani aliyepoteza nyumba hana pesa ya wakili. Mkuu wa mtaa na bwana avenyu wanaweza kufanya zaidi kwa kupita parseli kwa parseli kabla ya mvua, kuliko mahakama baada yake.

Kwa mikaratusi ambayo tayari imesimama pale isipotakiwa, kuna njia ya katikati. Mkaratusi hukatwa na kuchipua tena kutoka kwenye kisiki, na mizizi yake huendelea kuishi. Ukikatwa chini, ukaachiwa machipukizi machache na kurudiwa kila baada ya miaka miwili au mitatu, mteremko unabaki na mizizi huku nyumba ya chini ikiondolewa mtarimbo wa mita 20. Avoka na aina nyingine hupunguzwa matawi ya juu na ya upande wa bonde. Kazi hiyo ina gharama, kwa kuwa mti uliobanwa kati ya nyumba mbili hauwezi kuangushwa. Hupandwa na kukatwa vipande vipande, vikishushwa kwa kamba. Wa juu husema mti ni wake lakini hatari si yake, wa chini husema hatari ni yake lakini mti si wake, na mjadala huishia hapo hadi Septemba.

Lakini mkaratusi una bei. Nguzo zake ndizo zinazobeba zege la maghorofa yanayojengwa Ibanda, na matawi yake ni makala. Pale majirani wawili walipokubaliana kwamba aliyepanda achukue nguzo na aliyetishiwa achukue kuni na kumlipa mpandaji, mti huweza kushuka bila mtu kutoa kiasi kikubwa mfukoni. Mapatano hayo yafanywe Juni, Julai au Agosti, wakati ukingo umekauka na unaweza kumbeba mtu mwenye msumeno.